Kazi Inayofanywa Nyumbani Kwetu

Nilipelekwa kufundisha Kyuso, upande wa Kitui, mwanzoni mwa ule mtaala mpya, Kiswahili kilipofanywa somo la kutahiniwa darasa la nane na walimu wengi wakaanza kukikimbia. Mimi nilizaliwa Kikima, milimani, kwenye baridi na migomba, ambako mtoto akitumwa maji anateremka bondeni na kuyapata. Kyuso nilikuta jua, mbuzi na mashamba ya ndengu. Hata Kikamba changu kiliwachekesha watoto. Walisema nikiongea ni kama ninaimba.

Hedimasta alinikabidhi Kiswahili siku ile ile niliyofika.

"Wewe, binti, umetoka chuo juzi," aliniambia. "Hiyo lugha bado iko mdomoni. Sisi wengine tunaongea tu ile ya soko."

Mtihani wangu wa kwanza wa insha sikuutunga. Niliunakili kutoka kitabu cha mazoezi: safari yangu ya kwenda pwani. Watoto hawakushtuka. Waliinama wakaandika, na jioni nikabeba karatasi zao nyumbani nikiwa na furaha ya mtu anayeanza kazi.

Karibu wote waliamka jogoo alipowika. Wote walipiga mswaki, wakanywa chai kwa mkate uliopakwa siagi, ingawa nilijua fika kwamba asubuhi ile walikuja shuleni wamekunywa uji tu, na wengine hata huo hawakuupata. Baada ya mkate zilifuata methali mbili au tatu, zimepachikwa kama viraka. Kisha wakaona bahari, na bahari ilikuwa ya buluu. Mtoto mmoja tu ndiye aliyeandika kitu ambacho sikuwa nimekisoma kwa wenzake. Aliandika kwamba bahari ni silanga kubwa isiyokauka, na ng'ombe wa huko hawafi.

Silanga ni lile bwawa ambalo watu wetu hulichimba kukinga maji ya mvua. Mwaka ule la Kyuso lilikuwa limebaki matope. Nilikaa na ile karatasi mkononi muda mrefu, kisha nikakitia kile kitabu cha mazoezi ndani ya sanduku na sikukitoa tena.

Nikaanza kutunga maswali yangu mwenyewe. Kila swali nililijaribu kwanza kwa kuliandikia insha, nikiwa nimekaa kwenye dawati la mwanafunzi baada ya masomo. Kama mimi mwenyewe nilikwama kwenye aya ya pili, nililitupa. Niliwauliza kuhusu punda, kuhusu siku ya soko, kuhusu kupura ndengu. Darasani nilikuwa na watoto wa wafanyabiashara wa mifugo waliohamia kutoka upande wa Garissa, na hao waliniandikia jinsi baba zao wanavyomfahamu ngamia mgonjwa kwa kumtazama tu akitafuna. Kiswahili chao kilikuwa na maneno ambayo ilinibidi niyatafute kwenye kamusi.

Mwaka wangu wa pili, walimu wakuu wa zoni yetu waliamua tutunge mtihani mmoja wa majaribio kwa shule zote. Sisi wa Kiswahili tulikutana shuleni kwetu Jumamosi moja, kwa sababu tulikuwa na mashine ya stensili ya kuchapia mitihani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mzee aliyekaribia kustaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Wa mwisho kufika alikuwa mwalimu mrefu, mwembamba, aliyekuja kwa baiskeli kutoka shule ya kule tambarare. Suruali alikuwa ameibana kwa kibanio cha kuanikia nguo isiingie kwenye mnyororo. Aliposalimu tu nilijua hakuwa mtu wa Kitui.

"Wewe ni wa wapi?" nilimuuliza.

"Mukuyuni."

"Mimi Kikima. Kumbe ni majirani."

"Ndiyo maana unaongea kama mtu," alisema, na wenyeji wakatucheka sote wawili.

Mwalimu mmoja alipendekeza tuwaulize watoto kuhusu Krismasi. Nikasema ninao watoto ambao kwao hakuna Krismasi, na si haki wakalie dawati wakibuni. Mwenyekiti akaniuliza mimi nimekuja na nini. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasoma kwa sauti, kwa kujivuna kidogo: "Siku niliyomsaidia mama."

Walimu waliitikia kwa vichwa. Yule wa Mukuyuni akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, swali lako ni zuri," alisema. "Lakini kuna watoto ambao hawana mama."

Nilikunja karatasi yangu. "Basi sema lako."

"Mimi sina swali. Nasema tu huo mlango ni mwembamba. Wengine watabaki nje."

Tulikaa pale mpaka chai ikapoa. Tulijaribu mama, tukajaribu baba, tukajaribu jirani. Mwishowe nilisema, karibu kwa hasira, "Kila nyumba haikosi kazi. Hata nyumba ya mtu mmoja." Yeye akaandika kwenye karatasi yake, akaigeuza niione: Kazi inayofanywa nyumbani kwetu.

"Hiyo hata mimi ningeandika," alisema.

"Ungeandika nini?"

"Kukamua. Mama yangu alikuwa anaimbia ng'ombe. Asipoimbiwa hatoi maziwa."

Swali likapita. Kazi ngumu ikawa mwongozo wa kusahihisha. Wengi wa watoto wetu hufikiri kwa Kikamba, kwa hiyo wanaandika "kitabu yangu" na "maji yake imemwagika" bila kuona shida. Yule wa Mukuyuni alitaka kila kosa likatwe alama. Mimi nilitaka kosa moja likirudiwa lihesabiwe mara moja, kwa kuwa ni ugonjwa mmoja. Tulibishana mpaka mwenyekiti akavua miwani, na tukajua ametuchoka. Alikubali la kwangu, kisha akaongeza kanuni mbili zake. Kila insha itasomwa na walimu wawili, kila mmoja peke yake. Na mwalimu akitambua mwandiko wa mtoto wa shule yake, airudishe ile karatasi mezani bila kuitia alama.

Tulisahihisha wakati wa likizo. Tuliunganisha madawati ya darasa la nane, na mpishi akatuletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, kwenye sufuria moja kubwa. Karatasi hazikuwa na majina, nambari tu. Nilisoma kuhusu kuchunga, kuchota, kusuka vikapu, kufyatua matofali. Mkate wenye siagi ulikuwa umepungua sana. Kisha nikaichukua karatasi moja yenye mwandiko mdogo, ulioegemea kushoto kama unaosukumwa na upepo.

"Kazi ya kwetu ni kulinda susu," ilianza. Susu ni bibi. "Susu amesahau mimi ni nani. Ananiita jina la mama yangu ambaye alikufa. Zamani nilikuwa nikimwambia susu mimi si mama, mama alikufa, na yeye analia kama ni leo ndio ameambiwa. Sasa akiniita naitika. Nikiitika anakula."

Iliendelea hivyo ukurasa mzima na nusu, bila jogoo na bila methali. Ilieleza jinsi anavyomwosha, anavyomvisha, anavyompulizia uji upoe. "Kijiko yake ni ya mti kwa sababu ya chuma inaumiza meno. Kama anakula haraka nafika shule mbele ya kengele. Kama anakataa nachelewa. Mimi siwezi kumharakisha kwa sababu yeye hakuwa ananiharakisha."

Niliweka kalamu nyekundu chini, nikatoka nje nikanawa uso kwenye tangi. Niliporudi nilimtia alama ishirini na tisa kati ya arobaini. Kwa mtoto mwenye makosa yale, hiyo ilikuwa alama kubwa. Nikaipitisha.

Mchana mwenyekiti alituita mimi na yule wa Mukuyuni. Alikuwa ameshika karatasi ile.

"Mwalimu, wewe umempa ishirini na tisa," aliniambia. Kisha akamgeukia mwenzangu. "Na wewe kumi na nne. Mmesoma mtoto mmoja kweli?"

Nilimtazama yule mwanamume, na nakiri kwamba wakati ule nilimchukia. Nilisema, "Yeye anahesabu makosa tu. Hajasoma."

"Nimesoma," alijibu polepole.

"Kama umesoma, kumi na nne imetoka wapi?"

Alizungusha kalamu. Kisha akamwambia mwenyekiti, "Mzee, ningepaswa kuirudisha mezani. Huyu ni wangu. Nimeanza kusoma bila kujua, nimefika katikati nikatambua mwandiko. Nikaona nikimpa nyingi nitakuwa nampendelea. Kwa hiyo nikakata. Nimekata zaidi ya inavyofaa."

"Mbona hukuirudisha?"

"Nilitaka kumaliza kusoma." Aliweka kalamu mezani. "Huyu mtoto huchelewa kila wiki. Nilimuuliza sababu, akaniambia ni kazi ya nyumbani. Nikafikiri ni kisingizio. Nimekuwa nikimpa adhabu ya kufagia uwanja."

Ile chuki yangu iliondoka, sijui ilikoenda. Mwenyekiti aliivuta karatasi, akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Akaisoma tena kutoka mwanzo.

"Makosa yapo," alisema. "Lakini huyu amejibu swali. Wengi hapa wamejibu swali la mwaka jana." Akamtia alama ishirini na saba, akaweka sahihi yake.

Niliomba ruhusa niandike maneno chini, jambo ambalo hatukulifanya katika mitihani ya zoni. Mzee alisema, "Andika, lakini usijaze karatasi." Nikaandika: Nimesoma kazi ya kwenu mpaka mwisho, na umeieleza vizuri. Angalia: kijiko chake, si kijiko yake.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini wiki kadhaa baada ya muhula wa tatu kuanza, yule mwalimu alifika shuleni kwetu Ijumaa moja alasiri, akisukuma baiskeli yake kwenye mchanga. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ofisi nikipanga maswali ya mazoezi.

"Yule msichana wa ile insha haji tena shule," aliniambia kabla hata ya kukaa. "Wiki mbili sasa. Nataka niende kwao, lakini mwanamume peke yake kwenda kumwulizia msichana, watu watasema. Nimefikiria, kama mwalimu ana nafasi kesho..."

"Nina nafasi."

"Ni mbali."

"Nimesema nina nafasi."

Tulikwenda Jumamosi kwa miguu kutoka shuleni kwake, yeye akiwa mbele kidogo kwa heshima. Alinieleza kwamba tangu siku ile hakumfagisha tena yule mtoto, lakini hakujua amwambie nini. Aliishia kumwambia asiogope kuchelewa. Msichana alimjibu, "Ndiyo, mwalimu," na kwenda kuketi mahali pake.

Boma lilikuwa na nyumba mbili ndogo na zizi la mbuzi. Msichana alitoka ndani akiwa na bakuli mkononi, akatuona, akasimama pale pale. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania. Bibi yake alikuwa ameketi kwenye mkeka penye jua la asubuhi, miguu ameinyoosha, anapukuchua kunde ambazo zilikuwa zimekwisha kupukuchuliwa.

"Wiki mbili sasa susu anakula kwa shida, na tangu juzi amekataa kabisa," msichana alisema, kwa sauti ya chini. "Hata nikiitika. Anasema mimi si yeye."

Nilisogea nimsalimu yule bibi. Aliinua uso, akanitazama kwa muda, na uso wake wote ukafunguka.

"Umerudi," alisema kwa Kikamba. "Mbona umekawia hivyo mtoni?"

Nyuma yangu nilisikia msichana akivuta pumzi. Hakuna mtu aliyenifundisha chuoni la kufanya hapo. Lakini nilikuwa nimeisoma karatasi yake, na karatasi ilikuwa imenieleza kila kitu.

"Nimerudi, mwaitu," nilisema. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama. "Foleni ya maji ilikuwa ndefu."

"Keti."

Niliketi. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akaupapasa, akalalamika kwamba nimekonda. Msichana alinipa bakuli na kile kijiko cha mti. Nikapuliza uji. Bibi akafungua kinywa.

Alikula wote. Katikati ya kula alimwona yule mwalimu, ambaye alikuwa amegeuka kutazama mbuzi ambao hawakuwa na lolote la kutazamwa.

"Na yule ni nani?" aliniuliza.

"Ni mwalimu."

"Ndiye aliyekuoa?"

Msichana alitazama chini. Mimi nikazidi kupuliza uji. Yule mwalimu akakohoa na kusema, "Hapana, susu. Mimi nafundisha Kiswahili."

"Hata kama," bibi alisema. "Mwambie aje ale."

Kabla ya kuondoka tulipita kwa jirani, mama mmoja mnene wa kikundi cha akina mama wa kanisa. Alipiga paja lake kwa uchungu. "Kumbe imefika hapo? Tunamwona asubuhi anachota maji, tunamsalimu, anajibu ni wazima. Huyu mtoto hasemi!" Jumapili ile alisimama kanisani baada ya matangazo akaieleza hali yenyewe, na akina mama wakagawana asubuhi zote za wiki hadi mtihani uishe. Jumamosi niliiomba mimi. Nilijiambia kwamba naenda kwa sababu ya bibi.

Yule mwalimu naye alikuwa akija Jumamosi hizo, na karatasi za mazoezi mfukoni. Wakati nikimlisha bibi, yeye na msichana walikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya pili wakipitia insha. Siku moja nilimsikia msichana akiuliza, "Mwalimu, mbona uji ni wake na kijiko ni chake, na mwenyewe ni mmoja?" Yeye alifikiri sana, kisha akasema, "Kila kitu kina namna yake ya kushikwa. Kijiko hushiki kama bakuli." Sijawahi kumweleza mwanafunzi upatanisho wa maneno vizuri namna ile, nami ndiye niliyesifiwa chuoni kwa sarufi.

Aliomba radhi pia, msichana akiwa amekwenda kuchota maji. Hakuniomba mimi. Alimwomba bibi, ambaye hakujua anaombwa nini. Alipiga magoti mbele ya mkeka akasema alimpa mjukuu wake adhabu bila kumsikiliza. Bibi alimpapasa kichwa na kumwambia akanyolewe. Baadaye nilijua kwamba mwalimu alikuwa amekwisha kumwomba radhi msichana mwenyewe, shuleni, mbele ya darasa lote, naye msichana alikuwa ameona haya hata akajificha nyuma ya kitabu.

Mtihani wa taifa ulikuja na kwenda. Karatasi za taifa hazirudi, kwa hiyo sijui msichana yule aliulizwa nini wala aliandika nini. Tulichopata ni matokeo, na barua ya kumwita katika shule ya sekondari ya wasichana upande wa mjini Kitui. Mdogo wa marehemu mama yake, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Mombasa, alirudi kuja kukaa na bibi. Akina mama wa kanisa walichanga godoro na sanduku la bati. Mimi nilinunua sare ya pili.

Asubuhi ya kuondoka tulimsindikiza hadi mahali basi linaposimama, sokoni Kyuso. Sanduku lilikuwa zito kuliko yeye. Alikuwa amenyoa kichwa kama barua ilivyoagiza, na masikio yake yalionekana makubwa. Utingo alipokuwa akifunga mizigo juu ya basi, msichana alinivuta kando, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwalimu," alisema, "mama mdogo akiitwa haitiki. Anamwambia ukweli."

"Nitaongea naye."

"Susu akikuita, utaitika?"

"Nitaitika."

Alinitazama kuona kama ni kweli, kisha akapanda. Alipata kiti cha upande wa pili, kwa hiyo basi lilipoondoka hatukuweza kumpungia mkono. Tulilipungia basi tu.

Tulibaki pale, mimi na yule mwalimu, vumbi likitua kwenye nguo zetu. Wenye mbuzi walikuwa wameanza kufika sokoni. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Mwishowe aliinua baiskeli yake iliyokuwa imelazwa chini, akaikung'uta kiti.

"Sasa sijui nitapata sababu gani ya kuja Jumamosi," alisema, akikitazama kile kiti.

"Kwani lazima uwe na sababu?"

Alipanda baiskeli akaenda zake, na wiki ile nzima nilifundisha vibaya. Jumamosi iliyofuata, nikiwa nimekwisha kurudi kutoka kwa bibi, nilikuwa mlangoni kwangu nikichambua mboga nilipomwona kwa mbali, anatembea kando ya baiskeli kwa sababu ya mchanga, amevaa shati lililopigwa pasi. Niliweka mboga chini, nikaingia ndani kubadilisha leso.